Leza ipi niunganishe na sablimesheni kwenye vibao vya alumini: CO2, faiba au diodi?

Kihamba_82
Wakuu salaam. Nina printa ya sablimesheni (wino unaogeuka mvuke kwa joto na kuingia kwenye kitu) na hiti presi, mashine ya kubana kwa joto; kazi yangu ya kila siku ni vikombe na fulana. Nimepata oda ya vibao vya alumini, kila kimoja picha ya rangi na jina la kuchongwa. Natakiwa ninunue leza, mkononi nina milioni 5. Muuzaji ananivutia faiba (leza ya nyuzi za kioo), rafiki yangu anasema CO2 (ya gesi), mwingine anasema hata diodi (ya chipu ndogo) inatosha. Halafu kipi kinatangulia, picha au kuchonga? Nataka kulipia Ijumaa.

fundi_ngao
Mkuu, hapo bado hujasema kitu. Vibao vingapi? Utando wa juu unaoshika wino ni mweupe au wa rangi ya fedha? Vinakaa mezani au nje kwenye jua?

Leza_Mwenge
Chukua faiba. Mwanga wa CO2 una urefu wa mikromita 10.6, alumini tupu inaurudisha, kwa hiyo unaunguza utando tu na chuma hukigusi. Faiba ni mikromita 1.06, inachonga chuma chenyewe. Pitisha mara kadhaa, unalisikia jina kwa kucha.

fundi_ngao
Mwambie na upande wa pili. Faiba inapenya utando, inapasha bati moto kwa chini, utando unavimba malengelenge na kingo za herufi zinachanika. CO2 utando unaimeza yote, unaondoka hadi kwenye bati, herufi zinatoka kali. Diodi ni ya bluu, kwenye bati jeupe mwanga mwingi unarudi tu.

MamaVibao
Ndugu, tanguliza picha, leza ifuate. Mimi imenigharimu. Mwaka juzi nilipewa vibao 60 vya kuwaaga wastaafu. Nikaona nichonge majina kwanza kwa CO2, ili kibao kikiharibika nisiwe nimepoteza wino. Nilichonga usiku kucha, nikavipangusa kwa kitambaa kikavu. Asubuhi nikabana cha kwanza, nyuzi 200, sekunde 60. Kufunua karatasi, kila herufi imezungukwa na kivuli cha kahawia. Masizi ya utando ulioungua yalikuwa yamebaki pembeni mwa herufi, joto likalainisha utando, yakazama humo. Nikasugua kwa spiriti, wapi. Nikabana cha pili, cha tatu, hali ile ile. Bati nyingine nililetewa kwa basi kutoka Dar, na mtu wa kuja kuchukua mzigo alishafika, akakaa kwenye benchi langu siku nzima.

Mara ya pili nilianza na picha. Rangi safi kabisa, ila majina yakaenda upande, kwa sababu bati hazikukatwa sawasawa. Nikatengeneza kiunzi cha plaiwudi kinachoshika kona ile ile ya kila kibao, na hadi leo hakitoki mezani. Halafu usichonge jina juu ya weupe, maana herufi za fedha kwenye nyeupe hazisomeki. Weka ukanda mweusi kwenye picha, chonga humo.

Kihamba_82
Asanteni sana, dada yangu hapo umeniokoa. Vibao ni 34, vyeupe, sentimita 15 kwa 20. Ni vya makaburi ya ukoo wetu, Marangu. Krismasi tunakutana wote, na wazee wanataka kila aliyelala pale awe na sura na jina. Mengine yana jiwe tu. Wanaojua nani yuko wapi wamebaki wawili.

fundi_ngao
Hilo ndilo la kuanza nalo, mkuu! Wino wa sablimesheni unapauka juani. Zipo bati zenye utando wa kuhimili nje, tena hizo nazo zinachelewesha tu. Picha itafifia, jina lazima libaki. Kwa makaburi narudi nyuma: faiba, jina na miaka vizame kwenye chuma.

Leza_Mwenge
Kihambani, yaani shamba la ukoo, kuna migomba na kahawa, jua linafika kidogo sana. Picha itakaa.

MamaVibao
Kivuli kipo, na mvua je? Ukishatoboa utando, maji yanaingilia kwenye kingo. Alumini haishiki kutu nyekundu, lakini inachanua unga mweupe na utando unabanduka. Pakeni vanishi isiyo na rangi baada ya kuchonga.

mzee_wa_kauri
Sura ya marehemu iwekeni kwenye kauri. Ile rangi inachomwa kwenye tanuri kwa zaidi ya nyuzi 800, inakuwa sehemu ya kioo cha juu. Nimeona za tangu nikiwa mdogo, bado unamtambua mtu. Alumini ibaki ya jina tu, na sablimesheni iacheni kwa vikombe.

Leza_Mwenge
Mzee, kijana ana hiti presi, tanuri hana. Na Krismasi haisubiri.

fundi_ngao
Ukinunua faiba, nunua na miwani yake. Plastiki angavu inayozuia CO2 haizuii faiba, na mwanga wake unafika hadi nyuma ya jicho bila kuuona. Moshi wa utando nao utolewe nje kwa bomba.

Kihamba_82
Ijumaa silipi. Nitapeleka bati tatu kwa mwenye faiba na tatu kwa mwenye CO2, nione kwa macho. Wikiendi hii napanda Marangu na daftari, wale wazee wawili wanitembeze kaburi kwa kaburi niandike majina.

chipukizi_arusha
Samahani kuingilia. Nina printa ya Canon, naweza kutia wino wa sablimesheni?

MamaVibao
Usitie, mwanangu. Kichwa cha Canon kinasukuma wino kwa joto, na wino huu hautaki joto kabla ya presi. Tafuta Epson, yake inasukuma kwa mtetemo. Iwe mpya, isiyowahi kutiwa wino wa kawaida.

chipukizi_arusha
Na ikikaa wiki mbili bila kazi, kichwa hakizibi?