Marekani changa: ilipigania uhuru wake au shehena zake?

Mtoa mada

Wakuu, kila kikao cha soko la pamoja lazima atokee mtu aseme kwamba nchi zinazouziana bidhaa hazipigani. Mimi siamini, na kesi yangu ni Marekani katika miaka 30 hivi ya kwanza baada ya Mwingereza kuitambua mwaka 1783. Nchi ina madeni, serikali yake haina nguvu, lakini meli zake za biashara zimetapakaa baharini. Karibu kila ugomvi wake na nchi za ng'ambo ulianzia kwenye meli ya mtu.

Walipokuwa koloni, meli zao zilipita Mediterania chini ya kivuli cha mfalme wa Uingereza. Walipojitawala, kivuli kikaondoka. Mwaka 1785 wakauza manowari yao ya mwisho kwa kukosa fedha, na mwaka huohuo Aljeria ikakamata meli zao mbili na kuwashikilia mabaharia. Hawakuwa na cha kurudishia. Mwisho wakatia saini mkataba wa 1795: dola 642,500 taslimu, na juu yake vifaa vya meli kila mwaka. Wazee wetu wangeuelewa mkataba huo bila mkalimani. Misafara ya pwani ilikuwa ikifika Ugogo inatoa hongo (kwa maana ile ya zamani, siyo ya ofisini) ndipo ipite na kuteka maji.

Tatizo la hongo ni kwamba jirani naye anasikia ulichotoa. Yusuf Karamanli, mtawala wa Tripoli (Libya ya leo), aliona kafungu kake ni kadogo, na Mei 1801 akaamuru mlingoti wa bendera ya ubalozi mdogo wa Marekani ukatwe. Vita ikaanza. Mwaka 1803 manowari ya Marekani, Philadelphia, ikapanda mwamba, watu zaidi ya 300 wakatekwa. Mwaka 1805 yakaisha, lakini baada ya dola 60,000 kutolewa kwa ajili ya mateka. Yaani walipigana na bado wakalipa.

Ufaransa je? Ndiye rafiki aliyewasaidia kupata uhuru. Marekani ilipoelewana na Uingereza kwa mkataba wa 1794, Mfaransa akaona amesalitiwa, akakamata meli zao zaidi ya 300. Kuanzia 1798 hadi 1800 marafiki hao wakapigana baharini bila yeyote kutangaza vita.

Sasa niambieni, uhuru uko wapi hapo na shehena iko wapi?

Kibaraza

Mkuu, umeruka vita kubwa kuliko zote, ile ya 1812, kwa sababu inakuharibia hoja. Uingereza ilikuwa ikisimamisha meli za Marekani na kuwatoa mabaharia kwa nguvu wakatumike kwenye manowari zake. Maelfu. Juni 1807 manowari Leopard iliipiga mizinga Chesapeake karibu na pwani ya Virginia, ikachukua watu wanne. Chesapeake haikuwa meli ya pamba, ni manowari ya serikali. Mtu anang'olewa kwenye sitaha ya nchi yake, wewe unatuletea hesabu za dukani? Hiyo ni heshima.

Mwalimu wa Zamu

Heshima ipo, ndugu Kibaraza, lakini tazama Rais Jefferson wa Marekani alivyolijibu shambulio hilo. Hakutuma jeshi. Desemba 1807 alipitisha marufuku: meli ya Marekani isiende bandari yoyote ya nje. Aliamini Uingereza haiwezi kuishi bila pamba na nafaka za Marekani, hivyo itasalimu amri bila risasi. Mauzo ya nje yakaporomoka kutoka dola milioni 108 mwaka 1807 hadi milioni 22 mwaka uliofuata. Meli zikaozea gatini, mabaharia wakakosa kazi, na magendo ya kwenda Kanada yakashamiri. Uingereza ikatafuta wanunuzi Amerika ya Kusini. Machi 1809 marufuku ikafutwa.

Ila na wewe mtoa mada una deni. Kama vita ya 1812 ilikuwa ya biashara, kwa nini wenye meli waliipinga? Bungeni kura zilikuwa 79 kwa 49, na upinzani mkali ulitoka New England, majimbo ya kaskazini-mashariki, kwenye bandari zenyewe. Mwishoni mwa 1814 wajumbe wa majimbo hayo walikutana mjini Hartford kulalamika. Waliokuwa wakishangilia vita ni wabunge kina Henry Clay wa Kentucky, jimbo la bara ambako bahari hawaioni hata kwa ndoto. Wale walitaka ardhi.

Mtoa mada

Mwalimu, hilo ni pigo, ila halijaniangusha. Mwenye meli akituma tatu na moja ikakamatwa, zile mbili zinaweza kumlipa na faida juu. Kwake vita ni mbaya kuliko usumbufu. Mkulima wa tumbaku hana meli ya pili; bei ikishuka kwa sababu soko la Ulaya limefungwa, ameumia yeye peke yake. Kwa hiyo wa bara ana sababu ya kupigania bahari.

Ardhi nakubali, siwezi kubisha. Walitaka nchi za Wahindi Wekundu, na kiongozi wao Tecumseh aliuawa mwaka 1813 akizitetea.

Kibaraza, kama ni heshima, kasome mkataba wa Ghent wa Desemba 1814, uliomaliza vita hiyo. Suala la mabaharia halimo kabisa. Napoleon wa Ufaransa, aliyekuwa akipigana na Uingereza, alikwishaanguka, nayo haikuhitaji tena watu wa kuiba, basi wote wakanyamaza.

Mpwani

Mnasahau kwamba biashara hiyohiyo ilifika kwetu bila mzinga kulia. Septemba 1833 Sayyid Said, Sultani wa Omani na Zanzibar, alitiliana mkataba na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani: Mmarekani alipe ushuru wa asilimia 5, basi. Balozi wao mdogo alikuwa Zanzibar tangu 1837, kabla ya Mwingereza kuleta wake. Walichukua pembe na sandarusi, wakatuachia kitambaa ambacho hadi leo bibi zetu wanakiita merikani. Mwaka 1840 meli ya Sultani, Sultana, ikatia nanga New York. (Waliobeba pembe hizo kutoka bara, wengine wakiwa watumwa, hawakuulizwa kama ni amani.)

Na Haiti mmeiacha wapi? Mwaka 1799, Haiti ikiwa bado koloni la Ufaransa, Marekani ilifungua tena biashara na Toussaint Louverture, kiongozi wa watumwa waliojikomboa huko, faida ikaonekana. Mwaka 1806 ikaifunga kwa sheria. Wafanyabiashara walitaka kuuza, lakini wenye mashamba ya watumwa waliogopa nchi ya watumwa waliojikomboa. Haiti haikutambuliwa mpaka 1862. Hapo shehena ilikuwepo, wanunuzi walikuwepo, na bado mlango ulifungwa. Tufafanulie, mtoa mada.

Mtoa mada

Zanzibar naweza: hapakuwa na nchi ya tatu iliyozuia njia, kwa hiyo hapakuwa na wa kupigana naye. Haiti imenishinda. Nikisema biashara ndiyo iliyoamua, ilipaswa kubaki wazi. Mwenye jibu aliweke hapa, mimi nasoma.