Re: Kijana wetu na kiti cha Bunge la jimbo: tumchangie sasa au asubiri?

Kutoka: Katibu, St. Paul

Ndugu zangu, poleni na zamu. Kama mlivyosikia Jumamosi, kijana wetu ametangaza kwamba 2026 anataka kugombea Baraza la Wawakilishi la Minnesota. Kiti anachokitaka kina mwenyewe, mbunge wa chama hichohicho chake, aliyechaguliwa mara tano sasa. Wapo waliopendekeza tumtolee dola 5,000 kutoka mfuko wa umoja. Wengine wanasema mfuko ule ni wa misiba na kusafirisha miili, siasa zisiuguse. Naomba maoni kabla ya kikao cha Jumapili.

Kutoka: Shangazi, Brooklyn Park

Katibu, nianze na mfuko kwa kuwa hapo hatuna haja ya kuvutana. Umoja wetu umesajiliwa kama shirika lisilo la faida, na sheria ya Minnesota kwa kawaida inayakataza makampuni pamoja na mashirika ya aina yetu kumpa mgombea hela. Si 5,000, hata hamsini hairuhusiwi. Anayetaka kumchangia atoe mfukoni mwake, kwa jina lake. Fedha za misiba zibaki za misiba.

Sasa kiti chenyewe. Nasema haya nikiwa nampenda yule kijana, nimemjua tangu anabebwa mgongoni. Kama hatakuwa na wajumbe wa chama mkononi, wale wanaomwidhinisha mgombea, ifikapo majira ya kuchipua, asiende kumvaa mwenye kiti.

Wengi wetu tunaosema "yule mzee ataanguka tu" tunapima siasa za hapa kwa mizani ya nyumbani. Sisi tuliotoka Kenya tumekua tukiona wabunge wakibwagwa kwa makundi. Mwaka 2007 Makamu wa Rais Moody Awori alipoteza Funyula, Profesa Wangari Maathai na Nobeli yake akapoteza Tetu, na mawaziri wengi wakaenda nao. Mbunge wa nyumbani hupimwa kila wiki: alifika matangani? Harambee alitoa ngapi? Basari ilimfikia mtoto wa nani? Kadiri anavyokaa ndivyo wale aliowanyima wanavyoongezeka. Hapa kukaa kunamjenga mtu. Marekani nzima, wabunge wa majimbo wanaotetea viti vyao kwa kawaida hurudi kwa zaidi ya asilimia 90, na katika chaguzi nyingi zaidi ya theluthi moja ya viti huwa na mgombea wa chama kikubwa kimoja tu.

Tazameni ya kwetu ya 2024. Baraza lina viti 134. Mbunge wa Shakopee alitetea chake akaponea kwa kura 14. Viti vilivyohama chama ni vitatu, vyote kutoka DFL, yaani Democrats wa hapa Minnesota, kwenda Republican. Viwili kati ya hivyo havikuwa na mtu ndani: Gene Pelowski wa Winona alikuwa anastaafu, na Dave Lislegard wa kule kwenye migodi ya chuma naye hakugombea tena. Aliyeangushwa akiwa anatetea ni Jeff Brand peke yake. Na huo ulikuwa mwaka mbaya kwa chama chake.

Nguvu hiyo niliielewa kwa kitu kidogo kilichonipata mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita karatasi zangu za uuguzi zilikwama katika ofisi moja. Miezi minne. Kila nikipiga simu naambiwa faili linashughulikiwa, na mwajiri ananiambia bila leseni hana zamu ya kunipa. Mtoto wangu ndiye aliyeniambia niiandikie ofisi ya mbunge wetu wa jimbo. Niliandika mistari sita, Kiingereza changu cha wakati ule mnakijua. Siku ya tatu msaidizi wake akanipigia, akauliza namba ya faili, akasema ataulizia. Wiki iliyofuata leseni ilifika. Nililia jikoni.

Uchaguzi uliofuata, alipokuja kugonga mlango, mngetaka nimwambie nini? Nyumba tano za mtaa wetu zilikuwa zimesikia habari ile. Mpinzani wake alikuwa mtu mzuri, mwenye sera ambazo hata mimi nilizipenda, lakini hakuwa na ofisi ya kumtoa mtu kwenye shida. Hakuwahi kumsaidia yeyote kwa sababu hakuwa na cha kusaidia nacho. Eneo moja la Baraza lina watu kama 42,500. Ukiwasaidia watu wachache kila mwezi kwa miaka kumi, hao ni jeshi.

Mengine mnayajua. Jina limezoeleka, barua za ofisi huingia kila nyumba, na kikao cha Bunge huisha Mei, kwa hiyo kiangazi kizima yeye yuko milangoni. Wachangiaji wakubwa na washawishi humpa yule ambaye kesho atapiga kura ya mswada, hawampi wa kubahatisha. Ila lililo kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba wagombea wazuri humkwepa. Wenye uwezo hukaa pembeni wakisubiri astaafu, basi anayejitokeza mara nyingi hana fedha wala watu. Kisha tunasema mwenye kiti hashindiki.

Nasikia mtu akisema, "Shangazi, na Ilhan Omar?" Naam, tuizungumze hiyo ya Ilhan kumwangusha mwenye kiti, maana watu huisimulia nusu. Phyllis Kahn alikuwa ndani ya Baraza hilihili tangu 1973. Mwaka 2014 Mohamud Noor alimvaa. Mkutano wa chama haukumwidhinisha yeyote, na katika mchujo wa Agosti, kura ya ndani ya chama, Kahn akashinda. 2016 akaja Ilhan, binti aliyeishi miaka minne kambini Kenya kabla ya kufika Marekani, na Noor akagombea tena. Chama hakikuidhinisha mtu safari hiyo pia. Ilhan alishinda mchujo kwa karibu asilimia 41, wale wawili wakagawana zilizobaki karibu sawa. Kwa hiyo Kahn alikwisha kutikiswa miaka miwili kabla, vijana wa chuo na familia za mtaa wa Cedar-Riverside, Minneapolis, walikwisha kujifunza njia ya kwenda mchujoni, na ilikuwa Agosti, wapiga kura wachache. Na Noor aliyeshindwa mara mbili? Mwaka 2018 Ilhan alipokwenda Bunge la taifa, kiti kikabaki wazi, na yeye ndiye aliyekipata.

2020 Omar Fateh alimwangusha Seneta wa jimbo Jeff Hayden, na Esther Agbaje akamwangusha Raymond Dehn. Yote mawili yalitokea Agosti, kwenye mchujo, na wote wawili walikuwa tayari wamekwisha kupata idhini ya chama mbele ya mwenye kiti. Idhini hiyo hutolewa na wajumbe, na wajumbe hupatikana kwenye mikutano ya mitaa ya Februari, ile ambayo sisi huiruka kwa sababu ya baridi.

Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, aliingia kwa kiti cha 38A huku kwetu 2024. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini kiti kilikuwa wazi, Michael Nelson aliyekaa tangu 2003 alikuwa anastaafu. Huldah alikuwa tayari mlango ulipofunguka. Hilo ndilo ninalomtakia kijana wetu.

Kutoka: Kaka, Rochester

Shangazi shikamoo. Nimekuelewa, lakini naona unatuambia tungoje mpaka mtu achoke. Mbunge huyo ana miaka hamsini na kitu. Tukingoja, kijana atakuwa na mvi. Na kama hakuna anayempinga, nani atamfanya asikilize mambo ya wafanyakazi wa nyumba za wazee?

Kutoka: Shangazi, Brooklyn Park

Marahaba mwanangu. Swali lako ni la haki na limenifikirisha usiku kucha kazini.

Sijasema asigombee kamwe. Kuna kugombea kwa kushinda na kuna kugombea ili ujulikane, na cha pili kina thamani yake kama unakijua unapoanza. Melissa Hortman, jirani yetu huku, alishindwa 1998, akashindwa tena 2002, akashinda 2004 dhidi ya yuleyule aliyemshinda kabla, na baadaye akawa Spika. Aliuawa nyumbani kwake Juni 2025, Mungu amrehemu yeye na mumewe. Mama yule hakuingia kwa mara ya kwanza. Kijana akitaka njia hiyo, mimi nitagonga milango naye. Ila familia yake ijue tangu leo kwamba huenda akashindwa, na asikope. Mkewe ana mimba, na kampeni haina kiinua mgongo.

Kuhusu kusikilizwa: mwenye kiti huogopa kitu kimoja, nacho ni mchujo. Wajumbe ishirini wa jamii yetu kwenye mkutano wa chama watamfanya apokee simu, hata bila mgombea.

Kutoka: Dada, Brooklyn Center

Habari zenu. Mimi ni wa vitendo. Nafanya usiku, mume wangu ana kadi ya kijani, mama mkwe alipata uraia mwaka jana. Nani anaruhusiwa nini? Tafadhali nyoosheni, maana kwenye WhatsApp kila mtu anasema lake.

Kutoka: Shangazi, Brooklyn Park

Dada, naanza na mumeo kwa kuwa hapo pana hatari ya kweli. Asipige kura na asijiandikishe, hata akiletewa fomu na mtu mwenye tabasamu, hata fomu iwe imechanganywa na ya leseni ya gari. Siku ya kuomba uraia ataulizwa kama aliwahi kujiandikisha au kupiga kura, na nimeona familia zikiteseka kwa kosa lililofanywa kwa kutojua. Asome kila kisanduku kabla ya kutia sahihi. Akiwa na kadi ya kijani anaruhusiwa kuchangia fedha zake na kujitolea kampeni bila malipo: kugonga milango, kupika, kuendesha gari. Asiye na kadi ya kijani asichangie fedha.

Mama mkwe ni raia, basi ni mpiga kura kamili. Minnesota unaweza kujiandikisha siku yenyewe ya kura. Kama hana karatasi yenye anwani, jirani aliyejiandikisha katika kata hiyohiyo anaweza kumdhamini kwa kiapo, na mtu mmoja anaweza kudhamini hadi watu wanane. Ila mdhamini mwenyewe asiwe ameingia kwa kudhaminiwa siku hiyo. Lugha isimtishe. Anaweza kuingia na mtu wa kumsaidia, isipokuwa mwajiri wake au wakala wa chama chake cha wafanyakazi.

Wewe wa usiku: kura ya mapema huanza siku 46 kabla. Siku yenyewe ya kura mwajiri anapaswa kukupa muda wa kwenda kupiga kura bila kukukata mshahara. Mkutano wa Februari nao unalindwa, mwandikie mwajiri barua siku 10 kabla na hawezi kukuadhibu, ingawa saa hizo anaweza asizilipe. Andika barua, usimwambie tu kwa mdomo koridoni.

Kwa kijana: ada ya kuwania ni dola 100 tu, lakini awe ameishi jimboni mwaka mmoja na katika eneo lile miezi sita kabla ya uchaguzi. Nasikia wanahama nyumba. Ahesabu siku kabla ya kutia sahihi mkataba wa kodi.

Kutoka: Kaka, Rochester

Asante Shangazi. Naondoa hoja yangu ya 5,000. Nitatoa zangu binafsi akishapata wajumbe.

Kutoka: Katibu, St. Paul

Nimezungumza na kijana kwa simu, amesoma yote. Anasema ataamua baada ya mikutano ya mitaa, na kwamba hakujua habari ya miezi sita, mkataba wa nyumba mpya alikuwa ausaini Ijumaa. Jumapili tutaonyeshana ramani ili kila mmoja ajue kata yake. Naomba wenye magari makubwa waniandikie, nina akina mama kumi na wawili wa Brooklyn Park ambao hawaendeshi kwenye theluji.

Kutoka: Dada, Brooklyn Center

Yangu ina viti saba. Nitaanzia kwa mama mkwe saa kumi na moja na nusu jioni.