Orodha ya vifaa vya kutembea milimani siku tano: nipunguze nini na nisiguse nini?

Mgeni wa Njia

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari zenu. Mwenzangu na mimi tunajiandaa kutembea kwa miguu siku tano milimani, tukilala hemani, katika njia inayoanzia mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na kufika karibu mita 3,000, mahali ambapo hakuna duka wala nyumba ya wageni hadi siku ya kutoka. Vijito vipo vya kutosha, isipokuwa siku ya tatu, ambapo njia inashika mgongo wa mlima na huenda tukatembea saa sita bila kukutana na maji.

Orodha niliyo nayo imetokana na orodha nyingi nilizozisoma, na kila mwandishi ana kitu anachoapa kuwa hakiachwi. Begi langu la mgongoni limefika kilo 19, chakula kikiwemo lakini maji yakiwa bado, na mimi mwenyewe nina uzito wa kilo 62. Humo ndani mna hema la watu wawili, mfuko wa kulalia ulioandikwa nyuzijoto 0, godoro la kujaza hewa la kawaida, suruali mbili za jinzi, fulana tano za pamba, taulo kubwa, koti la mvua, jiko la gesi na mitungi miwili, sufuria tatu, shoka dogo, viatu vya akiba, kisanduku cha huduma ya kwanza na vitu vingine vidogo vidogo visivyohesabika. Naomba kujua ni kwa kanuni gani orodha kama hii hupunguzwa, ni vitu gani havipaswi kuguswa hata kama ni vizito, na ninawezaje kuipanga ili asubuhi ya kuondoka nisiache kitu nyumbani.

Mbeba Mzigo

Marahaba. Kabla hujaondoa chochote, chukua mizani ya jikoni, upime kila kitu peke yake, na uandike gramu zake pembeni ya jina lake, kwa sababu orodha isiyo na uzito haiwezi kukuambia ukweli. Kipimo kinachotumiwa na watu wengi kwa safari ya siku kadhaa ni kwamba mzigo wote, pamoja na chakula na maji, usizidi takriban asilimia 20 ya uzito wa mbebaji, ambayo kwako ni kama kilo 12 na nusu. Hiyo si sheria, na mtu mwenye mazoezi huweza kubeba zaidi, lakini kilo 19 kabla ya maji ni mzigo utakaoanza kukuuma kwenye mifupa ya nyonga tangu mpando wa kwanza.

Tenganisha uzito wa vifaa na uzito wa vile vinavyokwisha njiani, yaani chakula, maji na gesi. Vifaa ndivyo utakavyovibeba siku zote bila kupungua, kwa hiyo hapo ndipo kisu kinapopaswa kupita kwanza. Begi lenyewe, hema na vifaa vya kulalia kwa kawaida ndivyo vinavyochukua sehemu kubwa ya uzito huo, na kwa kuwa mko wawili, hema ligawanywe: mmoja abebe kitambaa, mwingine abebe nguzo na vigingi. Jiko na sufuria viwe vya pamoja pia, na sufuria moja ya lita moja na nusu inawatosha. Shoka libaki nyumbani, kwa sababu mna jiko na hamtapasua kuni. Kisu kidogo kinafanya kazi yote iliyobaki. Viatu vya akiba vibaki pia, isipokuwa kandambili nyepesi za kuvaa kambini jioni.

Nguo ndizo zinazohitaji mkono mzito zaidi. Pamba hunywa jasho na mvua, hukauka polepole, na ikishalowa huondoa joto mwilini badala ya kulihifadhi, na jinzi ni pamba nzito kuliko zote. Badilisha suruali zote mbili kwa moja nyepesi ya nyuzi za sintetiki, na fulana tano kwa mbili za sintetiki au za sufu nyembamba. Mpango unaofanya kazi ni kuwa na seti moja ya kutembea nayo, ambayo itanuka na utaizoea, na seti moja kavu ya kulalia ambayo haitoki kwenye mfuko wake hata kama nyingine imelowa chepechepe, kisha juu ya hizo koti la joto, koti la mvua, kofia ya joto na glavu. Soksi ziwe jozi tatu, moja ikiwa ya kulalia tu.

Chakula kikavu cha gramu 600 hadi 800 kwa siku kinawatosha watu wengi, na ukichagua chenye mafuta, kama karanga, utabeba nguvu nyingi katika uzito mdogo, kwa kuwa gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9 na ya wanga ina 4. Toa vyakula kwenye maboksi na makopo yake, uvifunge kwa mlo, siyo kwa aina.

Mlala Hemani

Nakubaliana na mengi aliyosema ndugu Mbeba Mzigo, lakini nina wasiwasi na usiku wenu kuliko mchana, na hilo mwuliza hakuligusa. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzijoto 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo kati ya mahali mnapoanzia na kambi ya juu kuna tofauti ya karibu nyuzijoto 12, bado hujahesabu upepo wala anga isiyo na mawingu ambayo huachia joto la ardhi lipotee usiku kucha.

Angalia tena namba iliyoandikwa kwenye mfuko wako wa kulalia. Mifuko iliyopimwa kwa viwango vya kimataifa huwa na namba zaidi ya moja: ya kwanza ni joto ambalo mtu hulala kwa raha, na ya pili, iliyo chini zaidi, ni kikomo ambacho mtu hukifikia akiwa amejikunyata. Wauzaji wengi hupenda kuandika ile ya chini kwa herufi kubwa. Ikiwa hiyo nyuzijoto 0 ni kikomo, basi mfuko huo ni wa raha kwa mahali penye takriban nyuzijoto 5, na huko juu utalala umevaa kila ulichobeba.

Hata hivyo, kitu ninachokiona kibovu zaidi kwenye orodha yako ni godoro. Bonyeza mfuko wa kulalia kwa kiganja chako uone jinsi unavyolala bapa: ndivyo unavyokuwa chini ya mgongo wako usiku kucha, na kitu kilichobanwa hivyo hakizuii baridi. Kinachokutenga na ardhi ni godoro peke yake, na la hewa tupu, lisilo na tabaka lolote la kuhifadhi joto ndani, huacha hewa izunguke na kupeleka joto lako ardhini. Magodoro ya safari huandikwa kipimo cha R, ambacho kadiri kinavyokuwa kikubwa ndivyo baridi ya ardhi inavyozuiwa. La kawaida huwa karibu na 1, ilhali kwa usiku unaokaribia kuganda ningetafuta la 3 au 4. Kama fedha za kubadilisha kitu ni za kitu kimoja tu, zitumie hapo kabla ya kununua hema jepesi.

Mfuko wa manyoya ya bata ni mwepesi na hukunjika vizuri, ila ukilowa hupoteza karibu joto lake lote, wakati ule wa nyuzi za sintetiki ni mzito kidogo lakini husamehe. Vyovyote ulivyo, uingize pamoja na nguo kavu ndani ya mfuko mkubwa mgumu wa plastiki uliotandikwa ndani ya begi, kwa maana kifuniko cha mvua cha nje huacha maji yashuke kwenye upande wa mgongo. Na mvua ikiwafungia ndani, msipike humo: jiko ndani ya hema lililofungwa hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu, ambayo imeua watu waliokuwa wanataka kupasha chai tu.

Mgeni wa Njia

Nawashukuru sana. Nimekagua mfuko wa kulalia na ni kweli kwamba nyuzijoto 0 ni kikomo. Sasa naomba msaada kuhusu maji, njia na huduma ya kwanza, kwa sababu huku ndiko kila nikipunguza kitu roho inasita. Je, simu yenye ramani haitoshi?

Dira Mkononi

Roho ikisita hapo iache isite. Katika miaka ya 1930, chama cha wapanda milima kiitwacho The Mountaineers, cha Seattle nchini Marekani, kilitunga orodha ya vitu kumi vya lazima, ambayo baadaye ilipangwa upya kwa kufuata kazi badala ya kifaa: kujua njia, kujikinga na jua, kupata joto, kupata mwanga, huduma ya kwanza, moto, zana za kutengenezea, chakula cha ziada, maji ya ziada na hifadhi ya dharura. Faida ya kufikiri kwa kazi ni kwamba unaweza kubadilisha kifaa kwa chepesi zaidi bila kuacha pengo, na ndiyo kanuni ya kupunguza uliyokuwa unaitafuta.

Simu ni nzuri ikiwa ramani imepakuliwa mapema na mtandao umezimwa ili betri idumu, lakini baridi hunyonya betri haraka, na skrini iliyovunjika haionyeshi njia. Ramani ya karatasi ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na dira havifiki gramu 150. Simu na pawabenki zilale ndani ya mfuko wa kulalia pamoja nawe. Taa iwe ya kichwani, mikono ibaki huru, na betri za akiba ziwepo. Filimbi ifungwe kwenye mkanda wa bega, siyo ndani ya begi: milio sita kwa dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, ndiyo ishara ya kuomba msaada milimani. Na mtu aliye nyumbani aachiwe ratiba yenu na siku ya kuanza kuwatafuta.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo kinachobebwa siku zote ni uwezo wa kubeba, yaani chupa na mifuko laini, na siyo maji yenyewe. Kwa mwendo wa kawaida kadirieni nusu lita kwa saa, na kwa hiyo siku ya tatu kila mmoja aondoke kambini na lita tatu hadi nne na awe ameshakunywa vya kutosha. Chujio lenye vitundu vya mikroni 0.2 au chini huzuia bakteria na vijidudu vikubwa kama Giardia, lakini virusi hupita, na hivyo palipo na makazi ya watu juu ya kijito ongezeni vidonge vya kusafisha maji. Msiliache lilale nje kwenye baridi, kwa sababu maji yakigandia ndani hupasua nyuzi zake bila alama yoyote inayoonekana. Kuchemsha kunaua vyote: dakika moja ya kutokota inatosha sehemu za chini, na juu ya mita 2,000 iwe dakika tatu, kwa kuwa huko maji hutokota yakiwa na joto pungufu.

Katika huduma ya kwanza, punguzeni idadi lakini siyo aina. Kinachowasimamisha watu wengi ni malengelenge, na tiba yake huanza kabla hayajatokea: ukihisi kisigino kinapata joto, simama hapo hapo, vua kiatu, toa mchanga kwenye soksi, na ubandike plasta pana ya kitambaa juu ya ngozi ikiwa bado kavu. Mtu anayesema atasimama kwenye kituo kinachofuata huwa amechelewa.

Fundi wa Begi

Naongeza kuhusu mpangilio tu. Orodha yenyewe iandike kwa kufuata mahali kitu kinapokaa ndani ya begi: mfuko wa kulalia na nguo za usiku chini kabisa, vizito, yaani chakula na sufuria, katikati na karibu na mgongo, vyepesi kuvizunguka, koti la mvua, chujio, ramani na vitafunio juu au mifukoni. Kitu kitiwe alama pale tu kinapoingia begini, kamwe siyo kinapokuwa kimewekwa kitandani. Vile vinavyotumika hadi dakika ya mwisho, kama simu, miwani, dawa na chaja, viandikwe kwenye karatasi ya peke yake na karatasi hiyo itumbukizwe ndani ya kiatu utakachovaa.

Mkirudi, wekeni alama kwa kila ambacho hakikuguswa. Hapo natofautiana na wanaosema kisichotumika kiondolewe safari ijayo, kwa sababu plasta, koti la mvua na filimbi havihukumiwi kwa matumizi, lakini kitabu cha kurasa 400, fulana ya tatu na taulo kubwa vinahukumiwa. Kitambaa cha ukubwa wa leso kinakausha mwili mzima. Pia usisahau koleo dogo la kuchimbia choo, shimo la sentimita 15 hadi 20, angalau mita 60 kutoka kwenye maji.

Mgeni wa Njia

Nimepima upya, na begi sasa ni kilo 13 na kidogo pamoja na chakula, likiwa na godoro jipya. Limebaki swali la gesi: je, mtungi mmoja unatutosha, na tunaweza kusafiri nao kwenye ndege?

Mbeba Mzigo

Kuchemsha lita moja hutumia gramu 10 hadi 15 za gesi pale upepo unapozuiwa, hivyo mtungi wa gramu 230 unawatosha kwa lita mbili na nusu hadi tatu kwa siku, mradi maji ya kunywa mnayachuja badala ya kuyachemsha. Chagueni wenye mchanganyiko wa isobutani na propani, kwa kuwa butani tupu huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzijoto 0 na jiko huzimika asubuhi mnapolihitaji. Kwenye ndege hauruhusiwi popote, iwe mkononi au kwenye mizigo ya chini, kwa hiyo ununuliwe mkishafika, na kabla ya kulipa hakikisheni mdomo wake ni wa skrubu au wa kuchomeka kulingana na jiko lenu, kwani aina hizo mbili haziingiliani.