Naomba ushauri: app gani za afya serikali ianze nazo?

BintiLikoni: Salam aleikum wanabaraza. Mwenzenu ni CHP, mhudumu wa afya ya jamii, huku Likoni na wadi yetu imeitwa itoe maoni app gani za afya zisukumwe kwanza, maana pesa haitoshi zote. Kuna wanaotaka ya kuonana na daktari kwa video, wengine ya wajawazito, wengine ya kukumbusha dawa za presha na sukari, na vijana wanataka ya kuchukua nambari ya foleni wasirauke alfajiri. Mie nawatetea wajawazito na wazee wa sukari lakini huruma peke yake haisikizwi pale, nataka hoja. Wamama wangu wengi wana kabambe (simu ya kubonyeza), bando ya kubahatisha, na simu ya tachi ikiweko nyumbani ni ya baba na ashatoka nayo. Ningeanza na gani?

NesiMvita: Waleikum salam dadangu. Waulize kwanza maradhi gani yanatumaliza, halafu hiyo simu itafanya nini. Na usidharau meseji! Kuna utafiti wa WelTel ulifanywa Nairobi na Kajiado, ukatoka kwa jarida la Lancet 2010, wagonjwa 538 wa HIV. Nesi alikuwa anatuma neno moja kila wiki, "Mambo?", mgonjwa ajibu sawa ama shida, mwenye shida ama asiyejibu kwa siku mbili anapigiwa. Waliotumiwa, 57% virusi vilidhibitika, wasiotumiwa 48%. Kabambe inatosha kabisa, lakini lazima kuweko nesi wa kupiga hiyo simu na alipwe, hapo ndipo mipango mingi hufia.

KijanaWaKodi: Naongeza, nyinyi ma-CHP mlipewa simu za eCHIS, ule mfumo wa serikali wa kuandika taarifa za afya za jamii, tangu 2023, na SHA ilipochukua nafasi ya NHIF kwenye bima ya afya Oktoba 2024 watu walijiandikisha kwa *147# bila bando. App mpya isiyoongea na hizo mbili ikataeni, la sivyo utamwandika mama mmoja mara tatu. Pia waulize data inakaa wapi na nani anaiona, sheria ya kulinda data tunayo tangu 2019. Hali ya mtu ya HIV ikivuja huku mtaani ashakwisha.

MzeeKongowea: Mimi ni mgonjwa wa sukari miaka mingi. Mwanangu, nitakushukuru ukiwaambia waandike Kiswahili na herufi kubwa. Ya video sioni maana.

MamaMtongwe: Mzee wangu shikamoo, hapo sikubaliani nawe. Mtoto akizidiwa usiku na ferry ile, mpaka ufike Makadara, hospitali kuu ya Coast General, roho iko mkononi. Video wapewe nesi wa zahanati na daktari wa Coast General waongee, nesi ajue amfanyie nini hapo hapo wakati gari inatafutwa. Mgonjwa mwenyewe hahitaji app yoyote.

NesiMvita: @MamaMtongwe umenena, hiyo naiunga mkono. Na Ujerumani tangu 2020 daktari anaandika app kama dawa na bima inalipa, ambayo haijathibitika inapewa mwaka mmoja ilete ushahidi, ikishindwa inatolewa. Ombeni sharti kama hilo.

BintiLikoni: Allah awalipe kheri. Basi nitasema meseji za wajawazito na sukari kwanza pamoja na nesi wa kujibu, halafu video ya zahanati, foleni ingoje, na yote yaingie eCHIS. Nimebakisha moja: mama asiyeshika simu kabisa, nimuandikishe kwa nambari ya mumewe?

NesiMvita: Muulize yeye kwanza mkiwa wawili tu. Akisita, weka nambari ya mamake ama dadake, na meseji isitaje ugonjwa, iseme tu tarehe ya kliniki.