Njia ya haraka ya kusawazisha sauti ya vipande vingi kwenye REAPER (mahojiano ya watu wawili)

fundi_mahojiano

Wakuu, habari za kazi.

Nina mahojiano ya dakika 52 kwenye REAPER (programu ya kurekodi na kuhariri sauti), traki mbili: mtangazaji na mgeni, kila mmoja na maikrofoni yake. Mtangazaji yuko sawa mwanzo mwisho. Mgeni anaanza kwa nguvu, kisha anaegemea kiti na kufika katikati sauti imeshuka mno. Akicheka, mita inaruka juu.

Kwa sasa nakata kwa kitufe cha S, nafungua dirisha la sifa za kipande kwa F2, naandika namba, nafunga dirisha, nasikiliza, narudi tena kurekebisha. Vipande vinapita mia. Nimejaribu kuchora otomesheni ya volyumu (mstari unaopandisha na kushusha sauti wenyewe) kwenye traki, ila nikihamisha kipande mistari inabaki nyuma. Traki ya mgeni ina EQ (ya kurekebisha besi na sauti nyembamba) na kompresa (ya kubana sauti kubwa) tayari. Njia fupi ni ipi?

---

MitaNyekundu

Mkuu, hilo dirisha la F2 ndilo linalokula muda wako. Libakize kwa kipande kimoja kimoja chenye shida ya pekee.

Bonyeza ? ifunguke orodha ya Actions, kisha tafuta "nudge items volume". Zitatokea amri mbili unazozihitaji: "Item: Nudge items volume +1dB" na ndugu yake ya -1dB. Zipe vitufe, kwa mfano Ctrl+Alt+mshale wa juu na wa chini. Baada ya hapo kazi ni hii: chagua kipande, acha sauti icheze, piga kitufe mpaka sikio liridhike, kisha Ctrl+mshale wa kulia uhamie kipande kinachofuata. Huna haja ya kusimamisha, mabadiliko yanasikika papo hapo. Ukichagua vipande ishirini kwa pamoja, vyote vinapanda dB (desibeli) 1 kutoka pale kila kimoja kilipo, kwa hiyo tofauti uliyokwisha kuipanga kati yao haivurugiki.

Sasa kuhusu otomesheni. Volyumu ya kawaida ya traki, yaani fada, inakaa baada ya plagini (hizo EQ na kompresa zako), wakati kiwango cha kipande kinafanya kazi kabla ya plagini za traki. Tuseme kompresa yako inaanza kubana kwenye -24 dB. Mgeni akishuka mpaka vilele vyake vinafika -30 tu, kompresa imelala, na ukisukuma fada juu unapata sauti ileile isiyobanwa, ila kubwa. Ukipandisha kipande chenyewe dB 8, kompresa inampokea sawasawa na alivyokuwa mwanzo. Ndiyo maana mpangilio ni vipande kwanza, kompresa baadaye, fada mwisho.

Ukihitaji mstari wa kuchora ndani ya sentensi moja, tumia envelopu ya volyumu ya take (mstari wa sauti ulio ndani ya kipande chenyewe), maana hiyo inasafiri na kipande popote unapokipeleka. Kama lazima ibaki kwenye traki, chukua ile iitwayo Volume (Pre-FX), na uwashe "Move envelope points with media items" kwenye menyu ya Options.

---

desibeli_moja

Nakubaliana na MitaNyekundu isipokuwa pale pa kuanzia. Vipande mia kwa sikio tupu ni mateso. Acha mashine ifanye kazi ya mwanzo, wewe umalizie.

Kata traki ya mgeni kwenye mafungu makubwa tu, pale ambapo sauti imebadilika kweli: anapoegemea, anaporudi mbele, anapogeuka. Utapata mafungu machache ya dakika kadhaa. Yachague, tafuta "normalize items (peak/RMS/LUFS)" kwenye Actions, chagua LUFS-I (kipimo cha wastani wa ukubwa wa sauti kwa fungu zima, kama sikio linavyousikia), andika -20. Mtangazaji naye mpe -20. Hapo kazi kubwa imekwisha, na zile dB 1 za mwenzangu unazitumia kwa vicheko na maneno yaliyomezwa.

Tahadhari mbili. Usitumie peak (kilele cha juu kabisa) kwa maongezi. Kikohozi kimoja au "p" iliyopuliza kwenye maikrofoni ndicho kitakachoamua kiwango cha fungu zima, na maneno yatabaki chini. Ya pili: usikate neno kwa neno halafu ukasawazisha kila kipande peke yake. Kipimo cha LUFS kinahesabu kwa madirisha ya milisekunde 400, kwa hiyo kipande cha "ndiyo" peke yake hakikupi namba ya kuamini. Isitoshe, mwisho wa sentensi ambao mtu huushusha kwa kawaida utapandishwa ulingane na mwanzo, na mgeni atasikika kama anasoma tangazo la msiba.

---

fundi_mahojiano

Nimefuata mafungu makubwa, asanteni sana, nimeokoa muda mwingi. Ila kumezuka jingine. Fungu la katikati limepandishwa dB 9, na kila ninapoingia humo feni ya chumbani inapanda ghafla. Mtangazaji akiongea, sauti yake nayo inakuwa na mwangwi wa ndani ya pipa.

---

MitaNyekundu

Hayo ni matatizo mawili tofauti.

Feni: kupandisha kipande kunapandisha kila kilichomo. Kama feni ilikuwa -60, sasa ni -51, na kompresa ikiongeza dB 4 za kufidia inafika -47 kila mgeni anaponyamaza. Kinachokuudhi zaidi ya feni yenyewe ni ile ngazi kwenye mkato. Usikate katikati ya kimya kirefu, maana hapo sikio halina kingine cha kusikiliza. Sogeza mkato hadi milisekunde chache kabla neno halijaanza, neno lifunike badiliko. Kisha weka krosifedi, kipande kimoja kififie kingine kikiingia. Kwenye Preferences, sehemu ya Project, utakuta mipangilio ya fedi za item (yaani kipande) na chaguo la vipande kupishana vinapokatwa. Iweke milisekunde 20 hadi 30. Kama tofauti ya mafungu mawili bado ni kubwa mno, gawa mpando: fungu la mpito +4, linalofuata +9.

Plagini ya kupunguza kelele, ukiitumia kwa kujifunza sampuli ya kelele, safisha nayo na utoe faili lililosafishwa kabla hujapandisha vipande. Sampuli iliyochukuliwa feni ikiwa -60 haiwezi kuijua feni ya -51.

Mwangwi wa pipa ni mtangazaji anayevuja kwenye maikrofoni ya mgeni. Sauti yake inafika mara mbili, ya pili ikichelewa kidogo, na baadhi ya masafa yanafutana. Ulipompandisha mgeni ulipandisha na uvujaji. Pale mgeni anaponyamaza kwa zaidi ya sekunde moja au mbili, kata na ushushe kipande hicho dB 12. Usikizime kabisa, chumba kikitoweka ghafla msikilizaji anadhani simu imekatika. Wakiongea kwa pamoja, acha palivyo.

---

kanda_na_waya

Naomba kudandia. Sisi wa Audacity 3, ile programu nyingine ya kuhariri sauti, tunafanyaje? Kila nikitumia Amplify nabadilisha faili lenyewe.

---

desibeli_moja

Amplify inaandika upya sampuli, kweli. Tumia Envelope Tool (F2). Siri yake ni kwamba kila klipu ina envelopu yake. Kata kwa Ctrl+I, kisha bofya mara moja tu ndani ya klipu na uburute nukta juu au chini: klipu nzima inafuata, kwa sababu nukta ni moja. Ukiongeza ya pili ndipo mteremko unapoanza. Mpaka wake wa juu ni mara mbili ya ukubwa wa wimbi, takriban dB 6. Ukihitaji zaidi ya hapo, rudi kwenye Amplify: chagua sehemu, andika namba, na usiweke tiki kwenye Allow Clipping. Sehemu nyingine ikihitaji kiasi kilekile, ichague na upige Ctrl+R, inarudia efekti ya mwisho bila kufungua dirisha.

Kwa anayepita na Premiere Pro: mabano [ na ] yanashusha na kupandisha klipu dB 1, na G inafungua dirisha la Audio Gain. Pro Tools ina Clip Gain tangu toleo la 10.

---

fundi_mahojiano

Mkato kabla ya neno umefanya kazi, feni haionekani tena. Swali dogo la mwisho: mawimbi ya traki zote mbili yamekuwa makubwa mpaka yanagusa kingo, ila mita haijasogea na sauti ni ileile. Nimeharibu nini?

---

MitaNyekundu

Hujaharibu. Umegusa Shift+mshale wa juu, hiyo inakuza mchoro wa wimbi kwenye skrini tu. Rudisha kwa Shift+mshale wa chini. Na ndiyo sababu usisawazishe kwa macho: tazama mita, na kabla ya kutoa faili pima mchanganyiko mzima. Apple Podcasts wanapendekeza karibu -16 LUFS, kilele halisi kisizidi -1 dB.