Koti la mvua la mtoto wa miaka 6, tunaenda Mandara

Habari wakuu, mwezi wa nne tunataka kupanda Kilimanjaro na watoto kutoka geti la Marangu hadi kambi ya Mandara na kurudi siku hiyohiyo, sasa koti la binti yangu likinyeshewa kidogo tu mabega yanalowa mpaka singlendi. Nichukue mtumba pale soko la Memorial, Moshi, au nitafute jipya?

Mama Kibosho: Mtumba tu dada, ila ligeuze ndani iwe nje uangalie mishono, kila mshono uwe na utepe uliobandikwa na usiwe umeanza kubanduka, bila huo utepe maji yanapita kwenye matundu ya sindano hata kitambaa kiwe kizuri vipi. Ukiona utando wa ndani unapukutika achana nalo.

Mpenda Milima: Naongezea, lebo ikiwepo angalia namba ya kuzuia maji, 10,000 mm inatosha kabisa kule msituni, la 2,000 ni la kuchezea uani. Chukua saizi moja juu, Mandara ni kama mita 2,700 na baridi ipo, atavaa sweta ndani ila isiwe ya pamba, pamba ikilowa jasho mtoto anatetemeka.

Asanteni sana jamani. Kulifua je?

Mama Kibosho: Sabuni kidogo, usitie dawa ya kulainisha nguo, maji yataacha kuteleza juu ya kitambaa. Na kofia aijaribu hapohapo sokoni, akigeuza shingo igeuke naye, ya mwanangu ilikuwa inamziba macho na ile njia ina mizizi inateleza, niliogopa kweli.