Nimepewa kusimamia ghorofa hosteli, wiki ya tatu tu nimeshachoka. Waliowahi naombeni ushauri

nusu_chapati:
Habari zenu wakuu. Nipo mwaka wa tatu, chuo kimojawapo hapa Dar, jina naliacha maana matroni wetu naye yumo mitandaoni. Muhula huu nimepewa kusimamia ghorofa ya pili, hosteli ya wasichana. Vyumba 16, kila kimoja watu wanne, kwa hiyo kwenye daftari nina watu 64. Ila ukipita saa tano usiku ukahesabu ndala zilizoachwa milangoni unafika tisini na kitu. Mambo ya kubebana, mwenye kitanda kumlaza rafiki aliyekosa nafasi, mnayajua.

Semina tulipewa ya saa moja, tukasomewa sheria, tukanywa soda, basi. Malipo ni kupunguziwa hela ya chumba.

Sasa, chumba namba 14 kuna wawili hawaongei. Mmoja anasoma mpaka saa nane usiku taa inawaka, mwenzake anaamka saa kumi alfajiri kusali, na anasali kwa sauti. Kila mmoja ananiletea mashtaka yake nikiwa napiga mswaki.

Kuna na rafiki yangu kipenzi, tuko pamoja tangu mwaka wa kwanza. Ana koili la umeme la kupikia chumbani. Harufu ya maharage unaikuta kwenye ngazi. Koili ni marufuku, na nisiwafiche, hayo maharage nami huwa nayala.

La mwisho ndilo linaninyima usingizi. Chumba namba 9 kuna dogo wa mwaka wa kwanza, katundika shuka kuzunguka kitanda cha chini na haonekani. Leo siku ya nne. Nikipita na daftari kukagua wenzake wanasema kalala. Darasani haendi, na nasikia hali chakula. Hata jina lake sijalishika. Nimwache apumzike au niingilie?

Matusi wekeni pembeni tafadhali.

Tozi wa Sinza:
Hiyo hosteli ya wasichana iko mtaa gani? Nauliza kwa ajili ya ushauri.

KekoFundi:
Tozi toka hapa, watu wana shida.

Dada, mimi ni fundi umeme, nitajibu la koili tu, mengine sina elimu nayo. Soketi ya ukutani imetengenezwa kwa ampia 13. Kwa umeme wetu wa volti 230 hiyo ni kama wati 3,000. Sasa chukua koili la wati 1,000, birika la wati 2,000, na mwenzao anapiga pasi ya wati 1,000, vyote kwenye ekstensheni moja ya Kariakoo yenye waya mwembamba kama kamba ya kiatu. Fyuzi ya plagi ingekata, ila wanafunzi wenyewe wanaitoa wanaweka karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Hapo kinachoungua kwanza ni waya, na ule waya umepita chini ya godoro.

Shika plagi kwa mkono. Ikiwa ya moto kiasi cha kukufanya uachie, mwambie rafiki yako achomoe leo. Kisha tafuta swichi kuu ya ghorofa iko wapi na ufunguo wa lile boksi anakaa nao nani usiku. Utashangaa, mara nyingi anao mtu anayelala Mbagala. Moto wa umeme usiumwagie maji kabla hujakata umeme. Zimamoto ni 114, haikati salio.

Dada wa Bloku:
Nimeshika bloku miaka miwili, nimemaliza 2019. Fundi kasema kweli, ila ugumu hapo ni rafiki. Nenda kwake kabla hujaenda kwa mwingine yeyote, na uende kabla ya chakula, si baada ya kushiba. Mwambie "nimepewa hii kazi na nitaanza na wewe." Mimi sikufanya hivyo. Nilianza na koili la msichana nisiyemzoea, la rafiki yangu nikaliacha. Ndani ya siku mbili ghorofa nzima walikuwa wanajua, na tangu hapo nikisema neno watu wanacheka. Muhula mzima uliharibika kwa sufuria moja ya maharage.

Chumba 14 usiwasuluhishe koridoni, na usiwasuluhishe mbele ya wale wawili wengine, watageuka mahakama. Kaa na kila mmoja peke yake kwanza. Huyo wa taa utakuta tatizo lake ni taa ya dari, taa ndogo ya kubana kitandani inammaliza. Huyo wa sala muulize kama anaweza kusalia chumba cha kusomea ile saa kumi, kiko tupu. Halafu wakae wote, waandike wenyewe kwenye karatasi: taa ya dari inazimwa saa ngapi, sauti inaanza saa ngapi, mgeni anaondoka saa ngapi. Wasaini, wabandike nyuma ya mlango. Ukiandika wewe itakuwa sheria yako, wataivunja.

Na usimtaje mtu kwa kosa lake kwenye grupu la WhatsApp. Kamwe.

mwana_diaspora:
Hiyo karatasi ya chumba huku Marekani ni utaratibu wa kawaida, wanaijaza wiki za mwanzo kabla ugomvi haujaanza. Nilifanya kazi kama yako nikiwa mwanafunzi, tunaitwa RA (resident assistant, mwanafunzi anayesimamia bweni), unapewa chumba bure na vyuo vingine chakula pia, na kuna zamu za usiku unabeba simu ya dharura. Kitu kimoja walichotukaririsha: usimwahidi mtu siri kabla hujasikia anachotaka kusema. Mtu akikueleza kafanyiwa ukatili wa kingono, RA anatakiwa kuripoti, kwa hiyo unamwambia mapema, "nitakusikiliza, ila kuna mambo siwezi kuyabeba peke yangu."

Chuma_Ulete:
Huko kwenu hakuna kubebana mkuu, vyumba vya watu wawili na maji ya moto. Huku dada ana watu tisini. Ripoti wote wanaobebwa, kazi iishe.

Dada wa Bloku:
Uwaripoti waende wapi? Wengi wamekosa nafasi, mkopo haujatoka, na chumba cha mtaani wanadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Unamtoa mtoto wa watu kwenye kitanda cha rafiki yake aende kulala kwa nani? Ila na kujifanya huoni nako si sawa. Moto ukitokea utawaambia zimamoto wako 64 na ndani wako tisini. Ile hesabu yako ya ndala mpelekee matroni kama idadi, bila majina.

MamaWawili:
Mwanangu, mimi ni matroni, kazi hii nimeizeekea. Huyo wa shuka usimngoje mpaka kesho. Nenda leo.

Daftari liache chumbani kwako. Ukiwa nalo wewe ni askari. Beba uji au chai, kitu cha moto, na usimwite akiwa amelala wewe umesimama. Kaa chini sakafuni, sauti yako imfikie pale alipo. Usianze na "una tatizo gani". Mwambie ulichokiona: siku nne hujamwona koridoni, umekuja kumjulia hali. Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu.

Akiongea, muulize waziwazi kama amefikia kuwaza kujiua. Watu wanaogopa ukiuliza utampandikizia wazo, si kweli. Mwenye mzigo huo anapumua akiulizwa. Akisema ndiyo, usimwache peke yake hata dakika ya kwenda msalani, mtume mwenzake amwite matroni au mshauri wa wanafunzi, na mkikosa mtu mpelekeni hospitali usiku huohuo. Akisema hapana, bado kesho asubuhi unamsindikiza kwa mshauri. Unamsindikiza mpaka mlangoni, usimwelekeze njia tu.

Na angalia kama ni homa. Dar hii, mtu akilala siku nne anaweza kuwa na malaria au dengi, watu wanadhani ni mawazo.

nusu_chapati:
Asante mama. Naenda sasa hivi.

Tozi wa Sinza:
Sitanii tena, tujulishe.

nusu_chapati:
Nimerudi. Saa sita na nusu usiku.

Nilikwenda na chai ya rangi. Nimekaa sakafuni kama mama alivyosema, nimenyamaza mpaka miguu ikafa ganzi. Pembeni ya kitanda kulikuwa na bakuli la ugali, umekauka mpaka umepasuka. Mwishowe mkono ukatoka chini ya shuka ukachukua kikombe.

Kumbe dogo si wa chumba hicho. Kabebwa. Jina lake halimo kwenye daftari langu, ndiyo maana kila nikigonga anajifunika na wenzake wanasema kalala. Alikuwa ananikwepa mimi. Mkopo hajapata, nyumbani kawaambia kapata ili mama yake asiuze shamba, na hela aliyokuja nayo imeisha wiki iliyopita. Homa hana. Lile swali nimemuuliza, sauti ilinitetemeka. Alikaa kimya, akasema hapana, ila amechoka.

Asubuhi tunaenda kwa mshauri wa wanafunzi wote wawili. Kuna anayejua kuhusu rufaa ya mkopo?

mwalimu_nyota:
Kwanza mwangalie kwenye akaunti yake ya Bodi ya Mikopo kabla ya rufaa. Majina yanatoka kwa awamu, kuna watu wametoka awamu ya pili na hawajui kwa sababu hawana bando. Akikuta lipo awahi kusaini, usiposaini kwa muda wake hela inarudi Bodi. Kama halipo, asubiri dirisha la rufaa lifunguliwe na aanze kukusanya vielelezo sasa, hasa kama mzazi mmoja amefariki, cheti cha kifo kiwe kimethibitishwa. Wengi wanakwamia hapo. Afisa mikopo wa chuo atawaelekeza.

nusu_chapati:
Asante mwalimu, tutaangalia kwa bando langu.

Fundi, nimeshika plagi ya rafiki yangu. Ilikuwa ya moto. Tumegombana, amechomoa, kanuna. Dogo yuko hapa chumbani kwangu anakula chipsi mayai za pale getini.

Na chumba 14 wameshaanza, nasikia mtu anabamiza mlango.